Maswali ya Wasomaji: Maji ya Kisima, Maji ya Bahari

Barua nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Lamu, Pate na Malindi zinauliza habari za maji: ya kunywa, ya kusafiria, na hata yale yanayoua simu. Tumeona tuzijibu pamoja. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko zote, kwa kuwa jawabu lake linamhusu kila mtu afunguaye mfereji katika kisiwa cha Amu, yaani Lamu.

Asalaam aleikum. Kisima cha nyumbani kwetu kiko karibu na ufuo, na bahari imetuzunguka pande zote, lakini maji yake ni matamu. Babu yangu husema yanatoka bara kwa mikondo ipitayo chini ya bahari. Je, ni kweli? Na kwa nini kiangazi kikizidi huanza kuwa na ladha ya chumvi? (Msomaji, Shela)

Waaleikum salaam. Babu yako amepatia kwamba maji hayo si ya bahari, lakini si ya bara pia. Ni mvua iliyonyesha juu ya kisiwa chenyewe, ikazama mchangani na kubaki chini.

Kazi hiyo hufanywa na vile vilima vya mchanga vilivyoko nyuma ya ufuo wa Shela, ufuo ambao urefu wake ni karibu kilomita 12. Nenda siku moja ukamimine kikombe cha maji juu ya mchanga ule mkavu: yatapotea kabla hujamaliza kumimina, na ukifukua kidogo utaona unyevu umekwenda moja kwa moja chini badala ya kutambaa pembeni. Mvua inayonyesha juu ya udongo mzito husimama vidimbwi na kukaushwa na jua, au hutiririka hadi baharini. Inayonyesha juu ya mchanga huu huzama upesi kabla jua halijaifikia, kisha hujaza nafasi ndogo zilizo kati ya chembe na chembe. Masika, ambayo huku kwetu huwa na mvua nyingi kati ya Aprili na Juni, ndiyo hasa inayoijaza hazina hiyo.

Lakini chini ya mchanga huo huo maji ya bahari nayo hupenya kutoka kila upande. Kwa nini basi hayachanganyiki na ya mvua? Sababu ni uzito. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa karibu gramu 1,000, na lita moja ya maji ya bahari, kwa ajili ya chumvi iliyomo, ina uzito wa karibu gramu 1,025. Yaliyo mepesi hukaa juu ya yaliyo mazito, na kwa kuwa mchanga huzuia mawimbi na misukosuko isiyakoroge, mpaka baina yao hudumu miaka na miaka. Maji matamu ya Shela, kwa hiyo, yanaelea juu ya maji ya chumvi kama jahazi lililopakia shehena: sehemu ndogo iko juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa imezama chini yake.

Ukubwa wa sehemu hiyo iliyozama unaweza kuhesabiwa. Safu ya maji ya bahari yenye kina cha mita 40 ina uzito sawa na safu ya maji matamu ya mita 41, na kwa sababu hiyo kila mita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari hubebwa na mita 40 hivi zilizo chini ya usawa huo. Hesabu hii waliifikia, kila mmoja kwa njia yake, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walipokuwa wakichunguza visima vya pwani za nchi zao. Ardhini mambo hayawi sawasawa kama kwenye hesabu, kwani miamba hutofautiana, na baina ya maji matamu na ya bahari huwa pana tabaka la maji ya chumvichumvi. Hata hivyo kanuni yenyewe ni hiyo.

Sasa geuza hesabu hiyo upande wa pili, nawe utapata jawabu la swali lako la kiangazi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mvua huwa haba na watu huteka maji kila siku, wageni wakiwamo. Usawa wa maji matamu ukishuka kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi huko chini hupata nafasi ya kupanda, taratibu, kwa mita 20 hivi. Pampu ya nguvu huzidisha jambo hilo, maana huvuta maji mengi mahali pamoja kwa muda mfupi, na maji ya chumvi huinuka chini ya kisima hicho hasa kabla hayajainuka kwingine. Kwa hiyo ni bora visima vingi vifupi vinavyotekwa kidogo kidogo kuliko kisima kimoja kirefu chenye mashine kubwa, na anayechimba zaidi kwa kutumaini kuyapata maji matamu chini zaidi huwa anaielekea chumvi kwa mkono wake mwenyewe. Kisima kilichokwisha kuingiwa na chumvi hakitengenei kwa mvua ya siku moja. Huenda kikahitaji misimu kadhaa ya mvua njema, huku kikiachwa kipumzike.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote. Mji wa Lamu unapata maji yake kutoka visima vya vilima hivyo vya Shela. Mchanga unaozolewa kwa ujenzi unaondoa chombo kinachohifadhi mvua, na nyumba inayosimamishwa juu ya vilima huja na paa, sakafu na shimo la choo. Paa na sakafu huzuia mvua isizame pale iliponyesha, na shimo la choo huteremsha uchafu katika mchanga ule ule upitishao maji upesi. Hakuna mto kisiwani wa kukimbilia. Anayetetea vilima visiguswe anatetea maji ya kunywa ya watoto wetu, na inafaa asikilizwe hivyo.

Na tafadhali, maji kuwa matamu si dalili kwamba ni salama. Ulimi huitambua chumvi, lakini hauvitambui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Ya kunywa yachemsheni au yatieni dawa.

Mimi husafiri mara kwa mara kati ya Faza na Amu. Boti zetu husubiri maji yajae ndipo zipite mlango wa bahari wa Mkanda, lakini saa ya kujaa haikai mahali pamoja: leo saa nne, kesho imekwisha kuwa karibu saa tano. Kwa nini bahari haifuati saa kama jua? (Msafiri wa Faza)

Inafuata saa, ila saa yake ni mwezi. Nguvu ya uvutano ya mwezi huyavuta maji yaliyo upande wa dunia unaouelekea kwa nguvu zaidi kuliko inavyoivuta dunia yenyewe, basi maji ya upande huo huinuka. Upande wa pili wa dunia, ulio mbali zaidi na mwezi, maji huvutwa kwa nguvu ndogo kuliko dunia, yakawa kama yameachwa nyuma, nayo huinuka vilevile. Dunia inapojizungusha, mwambao wetu hupita katika miinuko yote miwili. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku.

Kama mwezi ungesimama tuli, kujaa kungerudi karibu saa zile zile kila siku. Lakini mwezi nao unaizunguka dunia, tena kwa mwelekeo ule ule ambao dunia hujizungusha, na kwa hiyo dunia ikimaliza mzunguko wake huukuta mwezi umekwisha kusogea mbele. Kuufikia tena huchukua karibu dakika 50 zaidi. Hizo 50 ni wastani: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, uchelewaji huwa pungufu ya hapo, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, huweza kuzidi saa nzima.

Bamvua yenyewe hutokana na jua. Jua nalo huvuta maji, ingawa nguvu yake katika jambo hili ni chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi kwa sababu ya umbali. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa katika mstari mmoja na dunia, na nguvu zao hujumlika. Tofauti kati ya kujaa na kupwa kwenye mwambao wa Kenya hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, viwili hivyo huvutana kwa pembe, na tofauti hiyo hupungua mno. Wazee wetu wa bahari hawakuhitaji majedwali, maana mwezi wa Kiislamu huanza kwa mwandamo, na anayejua leo ni mwezi ngapi anajua hali ya maji: bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwandamo na baada ya mwezi kumi na nne au kumi na tano, na maji mafu yako katikati. Wanawake waendao mwambani kutafuta pweza wanajua pia kwamba siku za bamvua maji hupwa sana asubuhi, kuanzia kama saa nne, na kwamba jioni karibu na saa kumi bahari imekwisha kurudi kujaa. Usafiri wako wa saa nne, basi, ni wa siku za maji mafu, na wiki moja baadaye saa hiyo hiyo utaukuta Mkanda umekauka pembeni, boti zimelala matopeni.

Mimi ni mvuvi wa Malindi. Twaambiwa kwamba mashine ikizima baharini na maji yakaisha, tusiguse maji ya bahari hata kwa kiu gani. Lakini hospitali humpa mtoto anayeharisha maji yenye chumvi, na yanamponya. Mbona chumvi ile inaponya na hii inaua? (Mvuvi, Malindi)

Tofauti iko katika kiasi, na katika sukari inayoambatana nayo.

Damu yako ina chumvi ya karibu gramu 9 katika kila lita. Bahari ina karibu gramu 35. Ukinywa maji ya bahari, chumvi iliyozidi lazima itolewe na figo, na figo za binadamu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama bahari. Kwa hiyo ili kuitoa chumvi ya lita moja uliyoinywa, mwili hutumia maji ya zaidi ya lita moja na nusu, na kile kilichopungua hukikopa kutoka damuni na katika viungo vyako. Kila kikombe hukuongezea kiu iliyokufanya ukinywe. Zaidi ya hayo, baadhi ya chumvi za baharini humharisha mtu, naye akapoteza maji kwa njia nyingine tena. Kisha akili huanza kuvurugika, jambo ambalo ndani ya chombo ni hatari peke yake.

Maji ya mgonjwa wa kuharisha yamepimwa kwa namna nyingine kabisa. Pakiti ya hospitali ikichanganywa na lita moja ya maji safi huwa na chumvi ya kawaida gramu 2.6 tu, pamoja na sukari ya glukosi gramu 13.5 na madini mengine machache. Ukuta wa utumbo una milango midogo inayoingiza chumvi na sukari kwa pamoja, na vinapoingia maji huvifuata, hata utumbo ukiwa mgonjwa. Pasipo sukari mlango huo hauifanyi kazi hiyo. Mahali ambapo pakiti haipatikani, mama anaweza kutengeneza mwenyewe kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu visilundikane. Asizidishe chumvi kwa kudhani kwamba dawa nyingi itaponya upesi. Itakuwa inaelekea kwenye yale maji ya bahari uliyoyataja.

Nanyi mnaokwenda mbali, mashine ikizima, jikingeni na jua kwa tanga au turubai, lowesheni nguo kwa maji ya bahari wakati wa jua kali ili mtoke jasho kidogo, msile samaki wakavu, na mvua ikija itandazeni turubai mapema, mkiyamwaga yale ya kwanza yaliyosuuza chumvi. La muhimu zaidi ni kuondoka na galoni ya akiba ambayo haifunguliwi katika safari ya kawaida.

Simu yangu ilitumbukia baharini nikishuka kwenye boti Mokowe. Niliitia ndani ya mchele siku kadhaa, ikawaka vizuri, nikashukuru. Baada ya wiki ikafa kabisa. Iliponaje, kisha ikafaje? (Mwanafunzi, Mokowe)

Pole sana. Mchele uliondoa unyevu kidogo, na hata huo ungeondoka wenyewe kwa upepo. Usichoweza kuondoa ni chumvi. Maji yalipokauka, chumvi ilibaki juu ya vile vijistari vyembamba vya shaba vilivyomo ndani, na kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi na chumvi hupenda unyevu, vijistari vile vilirudi kulowa kidogo kila usiku. Umeme wa betri ukipita penye chumvi na unyevu hula madini. Fundi akiifungua simu yako ataona ukoga wa kijani. Kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake mwaka 2024 wasitumie mchele, maana vumbi na chembe zake huweza kuiharibu simu zaidi.

Simu ikianguka baharini, izime papo hapo, na usijaribu kuiwasha kuona kama ingali hai. Toa laini, toa kifuniko, na betri kama inatoka. Isuuze kwa maji matamu safi, ingawa moyo utasita, kwa sababu maji hayo hayana madhara kama chumvi; itikise, ikaushe kwa kitambaa, na uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo aifungue na kuisafisha kwa spiriti. Usiichomeke kwenye chaja. Ikipata joto au ikivimba, iweke nje mbali na watu. Na wale wanaotegemea maandishi ya kiwandani kwamba simu haiingii maji wafahamu kwamba vipimo hivyo hufanywa kwa maji matamu.

Bibi yangu hakubali maji ya friji, anasema ya mtungi ndiyo mazuri. Kweli mtungi wake hupoza maji bila umeme, lakini miezi ya mvua haupozi sana. Kwa nini? (Msomaji, Malindi)

Mtungi wa udongo hupitisha maji kidogo kidogo hadi nje, ndiyo maana ukiupapasa ubavu wake huwa na umajimaji. Umajimaji huo unapogeuka mvuke unahitaji joto, na joto hilo huchukuliwa katika mtungi na maji yaliyomo. Kiasi chake ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani: kijiko kimoja kikubwa cha maji, yaani kama gramu 15, kikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kupoza lita moja kwa nyuzi 8 hivi, kama hakuna joto jingine linaloingia kutoka nje. Jasho hutupoza kwa njia iyo hiyo.

Wakati wa mvua hewa imekwisha kubeba mvuke mwingi na haipokei zaidi, basi maji hukaa juu ya udongo bila kukauka. Mwambie bibi auweke mtungi kivulini penye upepo, asiupake rangi, na akiona umeacha kutoa umajimaji ausugue nje kwa brashi na maji, maana chokaa huziba vijitundu vyake.

Kwa nini vidole vyangu hukunjamana nikiogelea sana? (Mtoto wa darasa la tano, Matondoni)

Mwanangu, watu wengi hudhani ngozi imefyonza maji ikavimba. Si hivyo tu. Ni mishipa ya fahamu inayoamrisha mishipa ya damu iliyomo ndani ya ncha za vidole isinyae, na nyama ya ndani inapopungua ngozi ya juu hukunjamana. Tunalijua hilo kwa sababu kidole ambacho mishipa yake ya fahamu imekatika hakikunjamani hata kikilowekwa muda mrefu. Madaktari waliliona jambo hilo tangu miaka ya 1930. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwapa watu gololi zilizo ndani ya maji wazihamishe, na wenye vidole vilivyokunjamana walizihamisha upesi zaidi kuliko wenye vidole vikavu, kwa hiyo huenda mikunjo hiyo hutusaidia kushika vitu vilivyolowa. Katika maji ya bahari hukawia kutokea kuliko katika maji matamu, nawe unaweza kujipima mwenyewe kwa kulinganisha siku ya kuogelea na siku ya kukaa na mkono ndani ya ndoo. Ukiona kidole kimoja hakikunjamani wakati vingine vyote vimekunjamana, na hasa kama kina ganzi, mwambie mama akupeleke hospitali wakakitazame.